Nani Alisema Hapa Ni Patupu?

Kila aliyefanya jografia ya sekondari hapa Kenya anaijua ile karatasi ya ramani. Unapewa kipande cha nchi ambacho hujawahi kukanyaga, kipande cha uzi cha kupimia barabara, na maswali. Taja ushahidi kwamba wakazi wa eneo hili hufuga ng'ombe. Unaandika: kuna josho. Eleza kwa nini upande wa kaskazini mashariki una watu wachache. Unaandika: mvua kidogo, mito ya msimu, miinuko mikali. Alama zako hizo, twende swali linalofuata.

Mafunzo hayo ni mazuri. Yanatufundisha kusoma kwa makini kuliko vipindi vingi vya fasihi, maana hayakuruhusu kupiga domo: kama kitu hakiko kwenye karatasi, usikitaje. Tatizo ni kwamba kuna mambo ambayo karatasi yenyewe haina alama ya kuyaonyesha. Ufunguo wa ramani una alama ya bwawa, ya kanisa, ya shule, ya njia ya miguu. Hauna alama ya "hapa waliishi watu, wakahamishwa." Kwa hiyo mwanafunzi anatazama nafasi nyeupe, anaita ukame, anapewa alama zake, na anaondoka akiamini kwamba utupu ni tabia ya nchi, kama mlima ulivyo tabia ya nchi.

Makala haya yanahakiki ramani. Kitabu kimoja kitapita hapa, lakini kazi inayohakikiwa ni ramani zenyewe: maandishi yaliyotungwa na watu, yenye mtindo, yenye msimulizi, yenye vitu yanavyovipenda na vitu yanavyovifumbia macho. Nimechagua za mbali, ramani za topografia za nyanda za juu za Marekani, hasa ile nchi ya ng'ombe inayoitwa Sandhills katika jimbo la Nebraska. Sababu ya kwanza ni ya mfukoni: ni za bure. Idara ya jiolojia ya nchi hiyo, USGS, imeskani zaidi ya ramani 178,000 za zamani, za kuanzia 1884, na yeyote mwenye bando anaweza kuzipakua akiwa kwenye matatu. Sababu ya pili ni kwamba kule hatuna shamba la babu. Mkenya akisoma ramani ya Laikipia, hasira humtangulia. Akisoma ya Nebraska, macho hufika kwanza. Laikipia tutaifikia.

*

Sandhills ni matuta ya mchanga yaliyofunikwa na nyasi, karibu kilomita za mraba 50,000, kama robo ya jimbo zima. Kaunti moja humo, Cherry, ni kubwa kuliko jimbo la Connecticut, na sensa ya 2020 ilikuta huko watu wasiofika 6,000. Watu wa kaunti nzima wangeingia kwenye magorofa machache ya Pipeline na vyumba vibaki. Chini ya mchanga kuna Ogallala, mojawapo ya hifadhi kubwa zaidi duniani za maji yaliyo chini ya ardhi. Ng'ombe wanaishi juu ya nyasi, lakini hasa wanaishi juu ya maji hayo.

Ramani ninazozisema ni za skeli ya 1:24,000. Sentimita moja kwenye karatasi ni mita 240 ardhini. Kila karatasi inakata dakika saba na nusu za latitudo na saba na nusu za longitudo, na zilihitajika zaidi ya karatasi 55,000 kuyafunika majimbo 48 yanayopakana. Kazi hiyo ilikamilika mapema miaka ya 1990. Fikiria riwaya ya kurasa 55,000 iliyoandikwa na mamia ya watu kwa mtindo mmoja, bila yeyote kuweka jina lake kama mwandishi. Hiyo ndiyo kazi tunayoihakiki.

Mtindo wenyewe uko kwenye rangi. Kahawia ni kontua. Buluu ni maji. Kijani ni miti. Nyeusi ni vitu vya binadamu: nyumba, njia, majina. Nyekundu ni barabara kubwa na mistari ya upimaji wa ardhi. Halafu kuna zambarau, rangi ninayoipenda kuliko zote. Zambarau ilitumika kwa marekebisho yaliyoongezwa baadaye kutoka kwenye picha za ndege bila mtu kwenda kuyahakikisha ardhini. Yaani msimulizi anakwambia waziwazi: hili nimeliona kutoka juu, sijalikanyaga. Ni waandishi wangapi wana adabu hiyo? Tungekuwa na wino wa zambarau kwenye magazeti yetu, kurasa nyingi zingegeuka rangi.

Sasa fungua karatasi yoyote ya Cherry. Kontua hazitulii. Zinajikunja na kujizungusha kama nywele zilizosokotwa na mtu mwenye haraka, kila tuta na kibonde chake, na vibonde vingi havina mto wa kutokea. Buluu inajitokeza kama madoa: maziwa madogo na vinamasi katikati ya matuta, pale maji ya chini yanapoufikia uso wa nchi. Halafu kila baada ya masafa kuna neno moja, tena na tena: Windmill. Ni kinu cha upepo, kile cha kuvuta maji kisimani. Hapa na pale pana mraba mdogo mweusi, nyumba ya ranchi, na njia inayoifikia na kuishia hapohapo. Ukibahatika unapata shule yenye jina lake, katikati ya nyasi, bila mji wowote karibu.

Neno hilo la kinu linafanya kazi ambayo mshairi angejivunia. Halisemi "hapa ni pakavu", wala halisemi "hapa kuna mtu". Linasema kwamba kuna mtu anayepita hapa kila siku chache kuangalia kama kinu kinazunguka, kwa sababu kisipozunguka ng'ombe watakufa. Ukiunganisha vinu vyote kwa kalamu, unapata njia za kazi za watu wa ranchi, njia ambazo ramani haikuzichora. Uhai wa mahali umefichwa katika neno moja linalojirudia. Ni takriri, na ni takriri yenye sababu.

*

Lakini karatasi ileile ina maandishi mengine juu yake, na hayo yaliandikwa kabla mwandishi hajafika. Ni mistari minyoofu. Sheria ya 1785 iliamuru ardhi ya magharibi ikatwe miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba vipande 36, kila kipande ekari 640. Kwenye Sandhills mistari hiyo inapanda tuta, inateremka, inapita katikati ya ziwa, bila kupepesa. Kontua zilichorwa na mtu aliyeitazama nchi. Miraba ilichorwa na mtu aliyeitazama karatasi. Mvutano wa ramani hizi wote uko hapo, na ndio unaozifanya zisomeke kama fasihi hata kama waliozichora hawakukusudia hivyo.

Kuna mtu aliyeona mapema kwamba mistari ingeleta shida. John Wesley Powell alipoteza mkono wa kulia katika vita vya Shiloh mwaka 1862, na miaka saba baadaye akateremka na mashua katika bonde la Grand Canyon. Mwaka 1878 alitoa ripoti kuhusu nchi kavu za Marekani. Hoja yake ilikuwa rahisi. Ekari 160, kipimo alichopewa mlowezi kwa sheria ya 1862, hazitoshi kufuga mahali ambapo mvua ni haba. Mfugaji anahitaji ekari 2,560. Mipaka ifuate maji badala ya miraba. Nyumba zikae karibukaribu penye maji, na malisho yabaki wazi bila ua. Muhimu zaidi, nchi ipimwe na kuchorwa kwanza, ndipo igawanywe.

Mwaka 1881 alipewa uongozi wa USGS, kwa hiyo ramani tunazozisoma leo ni wajukuu wa mradi wake. Ila wanasiasa hawakutaka kungoja ramani. Walowezi walikuwa njiani, reli zilitaka abiria, na watu wenye pesa walitaka ardhi. Mwaka 1890 bunge lilimkatia fedha za upimaji wa umwagiliaji, na 1894 akaondoka. Miaka kumi baadaye, 1904, ikaja sheria ya Kinkaid, iliyowapa walowezi wa magharibi mwa Nebraska ekari 640, kipande kimoja kamili cha mraba. Ilikuwa robo ya kile Powell alichosema kinahitajika. Walowezi wengi walijaribu, wakalima mchanga, mchanga ukapeperuka, wakauza kwa wenye ranchi na kuondoka.

Ukijua hilo, shule iliyo peke yake katikati ya nyasi inabadilika maana. Mtu hajengi shule mahali pasipo na watoto. Jina likibaki kwenye ramani na nyumba za jirani zisionekane, hilo jina ni kaburi la kijiji. Utupu ulioko pale si wa asili. Ulitengenezwa na hesabu mbaya ya serikali.

Lakini tusimpambe Powell sana. Alianzisha ofisi ya serikali ya kuchunguza lugha na mila za wenyeji, na alikusanya maneno yao kwa bidii. Mpango wake wa ardhi, hata hivyo, uliandikwa kwa ajili ya walowezi. Maneno ya wenyeji yalikwenda kwenye kabati moja na ardhi yao ikaenda kwenye lingine. Na hapa ndipo tunapofika kwenye utupu ulio mkubwa zaidi.

*

Mto mkuu wa kaskazini mwa Sandhills, kwenye ramani, ni utepe wa buluu ulioandikwa Niobrara. Ni neno la lugha ya Omaha na Ponca, maana yake maji yanayotanda. Jina la jimbo lenyewe, Nebraska, ni la Waoto: maji bapa. Ukisoma majina ya mito ya nyanda hizi ungedhani wenyeji wapo tele, wamekaa tu kando ya maji wakipumzika.

Waponca waliishi mahali Niobrara inapoingia Missouri. Mwaka 1877 serikali iliwahamisha kwa nguvu hadi sehemu ambayo leo ni Oklahoma. Wengi walikufa, akiwemo mtoto wa kiume wa kiongozi wao mmoja, Standing Bear. Baba aliahidi kumzika nyumbani. Katika majira ya baridi aliondoka na kikundi kidogo cha watu, akibeba mifupa ya mwanawe kuelekea kaskazini, na alipofika Nebraska wanajeshi wakamkamata. Kesi yake ilisikilizwa Omaha mwaka 1879, na jaji akaamua kwamba Mwindiani ni mtu mbele ya sheria. Soma sentensi hiyo tena polepole. Ilihitaji kesi.

Wapawnee, waliokuwa na sehemu kubwa ya Nebraska na waliowinda nyati katika nyanda hizo, walikuwa wameondoka kuelekea kusini katika miaka hiyohiyo ya 1870. Nyati nao walimalizwa. Mwaka 1874 seng'enge ya kisasa ikapata hatimiliki yake. Kwa hiyo wapimaji wa USGS walipokuja na vyombo vyao, walikuta kweli nchi yenye watu wachache. Hawakudanganya. Walichora walichokiona. Msomi J. B. Harley aliandika mwaka 1989 kwamba ramani inapaswa kusomwa kama maandishi mengine yoyote, pamoja na ukimya wake, na kwangu mimi hapa ndipo hoja hiyo inapouma: ramani inaweza kuwa sahihi hadi mita ya mwisho na bado ikasimulia uongo, kwa sababu tu ya saa iliyochagua kuanza hadithi.

Kuna juhudi za kurekebisha. Mwaka 2016 kilele kirefu kuliko vyote vya South Dakota kiliacha kuitwa kwa jina la jenerali aliyewaua Walakota, kikaitwa Black Elk, mtu wa dini wa Walakota. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilibadilisha karibu majina 650 yaliyokuwa na tusi dhidi ya wanawake wa kienyeji. Ni vizuri. Ila kama mhakiki lazima niseme: kubadilisha jina ni marekebisho ya bei nafuu kuliko yote. Wino mweusi unafutwa na kuandikwa upya. Miraba, ile iliyoamua nani anamiliki nini, hakuna aliyeigusa.

*

Je, fasihi inaweza kufanya ambacho ramani haiwezi? Kitabu kilichojaribu kwa bidii kubwa ni PrairyErth cha William Least Heat-Moon, kilichotoka 1991. Mandhari yake ni kaunti moja ya Kansas, Chase, iliyo kwenye vilima vya Flint Hills, mashariki ya nyanda za juu zenyewe. Ni nchi ya nyasi ndefu na ng'ombe, na watu wake wakati huo walikuwa kama 3,000. Mwandishi alichukua ramani za USGS za kaunti hiyo, akapata miraba kumi na miwili, na akakigawanya kitabu kwa miraba hiyohiyo. Kila sehemu ina karatasi yake. Akatembea humo kwa miguu, akazungumza na watu, akachimba kumbukumbu za korti na magazeti. Kazi ya namna hiyo aliiita ramani ya kina, na jina hilo limeshika: leo waandishi wengi wanalitumia.

Wazo lake kuu ni la kijanja. Mraba ni chombo cha serikali cha kugawa na kumiliki. Heat-Moon anaukubali mraba, kisha anaujaza mpaka unapasuka: jiolojia, mafuriko, mikahawa, mapenzi, watu wa Kaw ambao Kansas ilipewa jina lao na ambao mwaka 1873 walihamishiwa Oklahoma ya leo. Mahali ambapo ramani inaonyesha kontua tatu na zizi moja, yeye anakupa kurasa arobaini. Ukimaliza, neno "tupu" halikai tena mdomoni.

Lakini kitabu kina kurasa zaidi ya 600, na kinachosha. Nasema hivyo kwa heshima. Kila sehemu inaanza na mkusanyiko mrefu wa nukuu za watu wengine, na ukifika mraba wa saba unajikuta unaziruka. Tatizo la ndani zaidi ni kwamba miraba kumi na miwili inapewa haki sawa, hata pale ambapo mmoja una mengi ya kusema na mwingine hauna. Ndiyo nidhamu ileile ya 1785: kila kipande ekari 640, liwe ziwa liwe jiwe. Mwandishi alitaka kuushinda mraba, na mara nyingine mraba ukamshinda yeye. Hata hivyo ningependa kijana yeyote anayeandika kuhusu Kajiado au Samburu akisome, kisha aamue mwenyewe kama mipaka ya kitabu chake itakuwa miraba, au mito, au njia za mifugo kwenda kunywa maji. Uamuzi huo si wa jalada tu. Unaamua nani atakuwa mhusika mkuu.

*

Tangu 2009 USGS ilianza kutoa ramani za namna mpya, ziitwazo US Topo. Hakuna mtu anayezichora kwa mkono. Kompyuta inachukua hifadhidata za taifa za barabara, maji, mipaka na majina, inazipanga juu ya picha ya ndege, na karatasi inatoka. Zinarudiwa kila baada ya miaka michache. Kasi yake ni ya ajabu, na kwa kazi nyingi ni nzuri.

Lakini weka karatasi ya zamani ya Sandhills kando ya mpya. Vinu vimepotea. Nyumba nyingi za ranchi hazipo. Nyua hazipo. Vilipotea kwa sababu za kiofisi kabisa: hakuna hifadhidata ya taifa ya vinu vya upepo, na kisichokuwa kwenye hifadhidata hakiingii kwenye ramani. Yule mtu wa zamani aliyetumwa ardhini kuhakikisha, aliyegonga mlango akauliza "hiki kibonde mnakiitaje?", hana nafasi tena. Tumepata ramani inayosasishwa haraka zaidi na yenye watu wachache zaidi. Nchi iliyokuwa na upweke sasa inaonekana haina mtu kabisa.

Sisi wa mjini tunalijua hili kupitia simu. Ramani ya simu inapenda mahali penye duka, penye oda ya kupelekwa, penye gari la kuitwa. Toka nje kidogo ya barabara kuu na skrini inageuka kijivu au kijani hafifu, jina moja likielea. Ramani ya 1:24,000 ilimwonyesha ng'ombe anapokunywa maji kwa sababu serikali iliamua kwamba kila pembe inastahili wino uleule, hata kama hapakuwa na mtu wa kununua kitu. Uamuzi huo ulikuwa na kiburi chake, lakini ulikuwa na haki ndani yake pia. Tukiuacha mikononi mwa hifadhidata na matangazo, tunaacha kitu.

*

Sasa Laikipia. Mwaka uleule wa 1904, wakati bunge la Marekani lilipokuwa linapitisha sheria ya Kinkaid, Wamaasai walitia alama za vidole kwenye makubaliano na Waingereza. Waliondolewa Bonde la Ufa, wakapewa sehemu mbili, moja ya kusini na nyingine Laikipia, kwa ahadi kwamba zingekuwa zao muda wote watakaokuwepo kama watu. Muda huo ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 makubaliano ya pili yaliwatoa Laikipia, wakaswagwa kusini na mifugo yao. Walikwenda kortini. Mwaka 1913 mahakama ilisema yale makubaliano ni mkataba na taifa la kigeni, kwa hiyo haina uwezo wa kuyaamua. Omaha, jaji alisema huyu ni mtu. Hapa kwetu, mahakama ilisema hawa ni wageni, wakiwa wanadai ardhi waliyokuwa wamesimama juu yake.

Idara ya upimaji ya makoloni ya Uingereza iliundwa 1946. Ramani za Kenya za skeli ya 1:50,000, wazazi wa zile za mtihani wetu, zilitokana na kazi yake na picha zilizopigwa kutoka angani. Ndege zilipopita juu ya Laikipia, Wamaasai walikuwa wameondoka zaidi ya miaka thelathini, isipokuwa upande wa Mukogodo. Kamera iliona ilichokiona: nyasi, mabwawa, nyumba moja moja, majosho. Na majina? Nanyuki, neno la Kimaa lenye wekundu ndani yake. Ewaso Ng'iro, mto wa maji ya udongo. Ranchi zenyewe zikajiita Ol Pejeta, Ol Jogi, Ol Ari Nyiro. Ni hadithi ya Niobrara neno kwa neno: ulimi unabaki kwenye karatasi, mwenye ulimi anaenda kuishi kwingine.

Tofauti moja inaniuma kuliko zote. Kijana wa Nebraska, au Mponca wa leo, anaweza kufungua matoleo yote ya ramani ya kwao, la zamani na la jana, akayaweka sambamba na kuona kwa macho yake lini shule iliingia na lini kinu kilitoka. Ushahidi wa kilichofutwa anapewa na serikali ileile iliyofuta. Kwetu karatasi hununuliwa moja moja, na matoleo ya zamani ni lazima uyatafute kwa jasho. Kila ukame unapouma na wafugaji kuvunja ua za ranchi, kama ilivyotokea mwaka 2017, tunarudia mabishano yaleyale kwenye mitandao: nani alikuwa hapa kwanza, ardhi ilikuwa na mtu au haikuwa na mtu. Tunabishana kuhusu maandishi ambayo wengi wetu hatujawahi kuonyeshwa.

Ombi langu ni dogo kuliko mapinduzi. Karatasi zote za 1:50,000, kila toleo, ziwekwe mtandaoni bure, kwa sababu zilitengenezwa kwa kodi na kwa nchi ya watu. Na walimu wa jografia waongeze swali moja chini ya lile la watu wachache kaskazini mashariki. Mwanafunzi akishataja mvua na mito ya msimu, aulizwe: majina haya ni ya lugha gani, na wanaoizungumza wako mraba upi? Jibu litahitaji karatasi ya pili, pengine na ya tatu. Apewe.